Wayne, John

Mwigizaji wa filamu wa Marekani (1907–1979), mzaliwa wa Winterset, Iowa, aliyepewa jina la Marion Robert Morrison. Kwa Wamarekani wengi wa karne ya 20 yeye ndiye aliyekuwa kipimo cha mwanamume na cha askari, ingawa jeshini hakuwahi kuingia.

Nyota yake iling'aa kwa filamu ya kauboi Stagecoach (1939). Marekani ilipoingia Vita vya Pili vya Dunia Desemba 1941 alikuwa na miaka 34 na watoto wanne, akaahirishiwa kuitwa. Baadaye kampuni yake ya filamu, Republic, ikamwombea aachwe aendelee na kazi. Mwigizaji mwenzake Clark Gable, aliyemzidi umri, alikwenda vitani. James Stewart naye akarusha ndege za mabomu Ulaya. Mwandishi William Manchester, aliyejeruhiwa katika mapigano ya Okinawa, Japani, alisimulia jinsi Wayne alivyowatembelea majeruhi hospitalini Hawaii akiwa na kofia pana, buti na bastola za kauboi kiunoni. Ukumbi ulikaa kimya, kisha wakamzomea hadi akaondoka.

Waliomwamini zaidi walikuwa wale ambao vita hawajaiona. Sands of Iwo Jima (1949), alimoigiza kama Sajini Stryker, iliwateka watoto waliokuja kwenda Vietnam, miongoni mwao Ron Kovic, aliyerudi mwaka 1968 amepooza na kuwa mpinzani wa vita hiyo. Mwaka huohuo Wayne alitoa The Green Berets, filamu ya kuitetea vita, iliyopigwa zaidi katika jimbo la Georgia kwa msaada wa jeshi. Mwishoni jua linazama baharini, upande ambao Wavietnamu hulitazama likichomoza.

Shujaa halisi alikuwepo. Audie Murphy wa Texas, aliyetunukiwa Nishani ya Heshima kwa mapigano ya Ufaransa, aliigiza maisha yake mwenyewe katika To Hell and Back (1955). Alikuwa mfupi, sura ya kivulana, na alilala na bastola chini ya mto. Taifa lilimpenda, ila kipimo likakiacha kwa Wayne, aliyekuwa na kimo, sauti nzito na mwendo wa kujivuta.

Kati ya filamu nyingine za Wayne, Hatari! (1962), kuhusu wakamata wanyama, ilipigwa Tanganyika. True Grit (1969) ilimpatia Oscar. Mwaka 1979, saratani ikimmaliza, Bunge la Marekani liliidhinisha atunukiwe medali ya dhahabu.