Rimu na matairi mapana katika magari madogo

Kupanua magurudumu ni kazi ya kuondoa rimu na matairi ambayo gari lilitoka nayo kiwandani na kufunga mengine yenye upana, na mara nyingi kipenyo, kikubwa zaidi. Katika Afrika Mashariki kazi hiyo hufanywa sana kwa magari madogo yaliyotumika kutoka Japani, hasa Toyota Vitz, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999 na ambayo Ulaya ilipewa jina la Yaris. Mengi ya magari hayo huingia nchini yakiwa na rimu za chuma zilizofunikwa kwa vifuniko vya plastiki, nazo huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kubadilishwa, kwa kuwa rimu za aloi ya alumini, ambazo mitaani huitwa rimu za spoti, zinapatikana mpya na za mtumba katika maduka ya vipuri kama yale ya Gerezani, Dar es Salaam, na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Mnunuzi huchagua kwa kutazama uso wa rimu, ilhali namba zinazoamua kama itakaa au haitakaa kwa kawaida zimechorwa mgongoni.

Ukubwa wa tairi husomwa ubavuni mwake. Katika andiko 175/65R14, ambalo ni la kawaida kwa Vitz na Yaris za mwanzo, 175 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, R huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kwa mtindo wa radiali, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hesabu hiyo ubavu una kimo cha karibu milimita 114 na gurudumu zima lina kipenyo cha karibu milimita 583. Kipenyo hiki ndicho kinachopaswa kulindwa, kwa sababu spidomita huhesabu mizunguko tu na haijui kama gurudumu limebadilishwa. Ndiyo maana tairi linapopanuliwa ubavu hupunguzwa: 195/50R15 lina kipenyo cha milimita 576, pungufu kwa kama asilimia 1, na 195/45R16 lina karibu milimita 582, ambazo kwa matumizi ya kila siku hazina tofauti na za awali. Mafundi wengi huchukua asilimia 3 kuwa mpaka wa tofauti inayovumilika, ingawa kuzidisha ni kubaya kuliko kupunguza, kwani gurudumu kubwa huweza kuifanya spidomita ionyeshe kasi ndogo kuliko ya kweli, jambo ambalo Kanuni Na. 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita hailiruhusu.

Rimu hufungwa kwenye habu, yaani kitovu cha chuma ambacho gurudumu huzunguka nacho. Habu ya Vitz ina stadi 4 zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, mpangilio unaoandikwa 4x100, na rimu nyingi za dukani hutobolewa matundu 8 ili ziingie pia katika magari ya 4x114.3, hivyo matundu 4 hubaki matupu baada ya kufunga. Tundu la katikati nalo huachwa kubwa, kwa mfano milimita 67.1 au 73.1, wakati habu yenyewe ni milimita 54.1; pengo hilo huzibwa kwa pete ya plastiki au alumini, na ikikosekana, rimu haikai katikati barabara na usukani huweza kutetemeka katika mwendo wa kasi hata kama balansi imefanywa vizuri. Pete hiyo ni ya bei ndogo, lakini ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Kipimo chenye uzito kuliko vyote ni ofseti, yaani umbali kati ya sehemu ya rimu inayoegemea habu na mstari unaougawa upana wa rimu katikati. Huandikwa kwa herufi ET na namba ya milimita, na kadiri namba inavyopungua ndivyo gurudumu linavyotokeza nje. Ikichukuliwa rimu ya upana wa inchi 5.5 yenye ET45 na kubadilishwa kwa ya inchi 7 yenye ET35, upana umeongezeka kwa milimita 38, ambazo zingegawanyika 19 kila upande, lakini kwa kuwa ofseti imepungua kwa 10, mdomo wa nje husogea nje milimita 29 na wa ndani husogea ndani milimita 9 tu. Upande wa ndani kuna shokapu na springi yake; upande wa nje kuna fenda, na nyuma gari likibeba abiria watatu na mizigo, ukingo wa fenda hushuka hadi kulikwaruza tairi kila gari linapovuka tuta. Spesa, yaani kipande cha chuma kinachowekwa kati ya habu na rimu, hufanya kazi ileile ya kupunguza ofseti, pamoja na madhara yake yote.

Madhara hayo si ya kukwaruza peke yake. Magurudumu ya mbele hugeuka kwa kufuata mhimili wa kufikirika unaopita katika shokapu na kuifikia ardhi mahali ambapo kiwanda kimepakadiria kulingana na ofseti ya awali, na tairi linaposogezwa nje ya mahali hapo, kila shimo linalopigwa na gurudumu moja huuvuta usukani upande huo, na beringi za habu hubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi na kuchakaa mapema. Kwa gari dogo, ongezeko la nusu inchi hadi inchi moja ya upana, kwa ofseti isiyopishana na ya awali kwa zaidi ya milimita chache, linatosha. Yanayozidi hapo ni ya kupiga picha.

Faida ipo, ila hutiwa chumvi. Eneo la tairi linalogusa lami hutegemea hasa uzito wa gari na upepo uliojazwa, kwa hiyo tairi pana lenye upepo uleule hupata eneo lenye umbo jingine, fupi na pana, bila kuongezeka sana. Umbo hilo, pamoja na ubavu mfupi usiopinda kwa urahisi, huliwezesha gari kuitikia usukani haraka katika kona kavu. Kwenye lami iliyotuama maji, tairi pana huelea mapema kuliko jembamba, hasa kashata zikiwa zimelika, na ubavu mfupi hauna nafasi ya kumeza pigo la shimo, kiasi kwamba rimu hupinda au kupasuka mahali ambapo tairi la zamani lingepita salama. Uzito wa rimu kubwa, ambao injini ndogo hulazimika kuuzungusha, huonekana katika mafuta na katika uondokaji.

Tairi jipya halipaswi kuwa dhaifu kuliko la zamani katika kubeba. Fahirisi ya mzigo, namba inayofuata ukubwa, ikiwa 82 ina maana ya kilo 475 kwa kila tairi. 195/45R16 lenye fahirisi 80 hubeba kilo 450 tu, na ni lile lililoimarishwa, lenye 84, linalofika kilo 500. Katika matairi ya mtumba husomwa pia tarakimu 4 za mwisho wa msimbo wa DOT, ambapo 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Baada ya kufunga, usukani huzungushwa hadi mwisho kila upande, gari hupakiwa watu na kupitishwa kwenye matuta, kisha sehemu ya ndani ya fenda hukaguliwa kama kuna mstari uliosuguliwa ukang'aa. Nati hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, ambayo kwa Yaris ni nyutonimita 103, na kukazwa tena baada ya kilomita 100 hivi, kwa kuwa rimu mpya hulegea kidogo inapokalia mahali pake.