Meza ya mninga na vitundu vyake

Meza za zamani za mninga na mvule, katika ofisi za Posta na nyumba za Kariakoo, hupigwa msasa na vanishi zikang'aa. Wiki chache baadaye uso unarudi kuwa na vishimo, na lawama zinaiangukia vanishi. Sisi tunadhani tatizo huanzia kabla kopo halijafunguliwa.

Mninga, mvule na mtiki zina mirija iliyopitisha maji mti ulipokuwa hai. Ubao ukipasuliwa, mirija hiyo hubaki vitundu wazi, na vanishi ikikauka hunywea humo. Vitundu hivyo hujazwa kwa filla laini. Si pati nzito ya kuziba matundu ya misumari. Vanishi ya zamani ikishatoka na vumbi kufutwa (vaa barakoa, vumbi la mvule huwasha kifua na ngozi), filla husuguliwa ndani kwa kitambaa. Ikipoteza mng'ao, iliyozidi hufutwa kwa kukatisha nyuzi za mbao. Ukifuta kwa kufuata nyuzi, unaing'oa tena. Iache ikauke kabisa, hasa msimu wa mvua, ndipo upige msasa laini na vanishi.

Paini, kama ile ya Sao Hill wilayani Mufindi, haina mirija ya aina hiyo. Fundi akikutoza filla ya kabati la paini, muulize ni ya nini.

Filla yenye mafuta ya kitani ina hatari yake: vitambaa vilivyolowa vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke.