Kimo cha Kamera: Hip-hop ya Tanzania na Mwamba wa Irente

Kwenye mwamba wa Irente, kama kilomita 5 kutoka Lushoto mjini, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu. Mazinde iko karibu mita 1,000 chini, na nyanda za Umasai zinaanzia hapo hadi macho yachoke. Anayefika na kamera, awe mtalii au bwana harusi, huelekeza lenzi chini. Hata wapiga picha wa enzi za Wajerumani, Lushoto ilipokuwa ikiitwa Wilhelmstal, walipenda kuitazama milima ya Usambara kutoka juu, watu wakiwa vidoa tu vya kuonyesha ukubwa wa mlima.

Hip-hop ilikulia kwenye mtazamo wa kinyume. Kipindi cha Yo! MTV Raps kilipoanza Marekani mwaka 1988, kamera ilikuwa imeshazoea kukaa usawa wa goti na kumtazama mchanaji kutoka chini, ili kijana wa mtaani aonekane mrefu kuliko ghorofa lililo nyuma yake. Washikaji wanamzunguka, viganja vinarushwa hadi karibu viguse kioo cha lenzi, na mhariri anakata picha kwa kufuata ngoma. Dairekta Hype Williams akaongeza lenzi ya jicho la samaki: katika kazi alizowafanyia Missy Elliott na Busta Rhymes mwaka 1997, nyuso zinavimba na kuta zinapinda. Wachanaji wa grime wa London wakayachukua hayo wakayavua mapambo yote, wakabaki na kamera ya mkononi, usiku na ngazi za maghorofa ya wapangaji. Video ya Skepta ya “That's Not Me” ya mwaka 2014 ilitengenezwa kwa pauni 80, ikachukua tuzo ya MOBO mwaka huohuo.

Kwetu mambo yalikwenda kichwa chini. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, ITV na vituo vingine binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Saleh Jabir alikuwa ameshachana kwa Kiswahili mwaka 1991, na kundi la Kwanza Unit lilikuwa limeundwa mwaka 1993. Vijana hao waliyasoma mavazi, mikao na namna ya kushika maiki kwenye kanda za VHS zilizotumwa na ndugu wa ughaibuni, wakayaiga jukwaani. Maana yake, kanuni za video zilitutangulia. Tulijua kusimama mbele ya kamera kabla hatujawa na kamera ya kusimama mbele yake. Nadhani ndiyo sababu video nyingi za mwanzo zinafanana sana: gari la kuazima, ufukwe, miwani ya jua.

Mkoa wa Tanga, ambamo Lushoto imo, ulijibu kwa sauti zaidi kuliko kwa picha. Wagosi wa Kaya, yaani Mkoloni na Dr. John, walitoa “Tanga Kunani” mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakiulizia kudorora kwa mji wao, kwa lafudhi ambayo msikilizaji wa Dar es Salaam aliicheka kwanza kisha akaisikiliza. Kwa macho, waliothubutu zaidi walikuwa X Plastaz wa Arusha. Mmoja wao, Merege, aliingia kwenye hip-hop na shuka lake la Kimasai na uimbaji wa kwao, na ghafla mandhari ya Kaskazini ikawa na kazi katika wimbo, si pambo la nyuma. Mwenzake Gsann alishiriki mwaka 2009 katika duara la wachanaji la tuzo za hip-hop za BET, Marekani.

Kati ya hapo na leo kuna hatua mbili ninazoweza kuzipitia haraka. Madairekta kama Adam Juma wa Visual Lab, na baadaye Nisher wa Arusha, waliifanya video kuwa fani yenye jina la mtu, wakisaidiwa na kamera za picha mnato zilizoanza kurekodi video safi kuanzia mwaka 2008. Kisha wasanii wakasafiri. Diamond Platnumz alishuti “Number One” Afrika Kusini mwaka 2013, na kwa miaka kadhaa kichupa kisichopigwa nje kilionekana cha kimaskini.

Halafu ikaja droni, na kimo kikabadilika kabisa. Siku hizi karibu kila video inafunguka kwa picha ya kutoka angani. Mimi huiona droni ikipoteza muda Irente: kwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na betri inayopigana na upepo wa ukingoni, inakupa kile ambacho mwamba ulikuwa unakupa bure. Tena inamnyonya msanii. Mchanaji anayeonekana kama sisimizi juu ya jabali hana uso, na mashairi bila uso yanabaki kuwa muziki wa nyuma ya tangazo la utalii.

Mwanga wa pale nao una masharti yake. Mwamba unatazama machweo, kwa hiyo jioni msanii aliyeupa uwanda mgongo anakuwa kivuli cheusi. Asubuhi jua linampiga usoni, ukungu ukiruhusu. Dairekta anayetaka kanuni ya zamani, ile ya goti, angeshusha kamera Mazinde kwa lenzi ndefu na kumwacha mchanaji juu. Itabidi ateremke kutoka Lushoto kilomita 33 za kona kupitia Soni hadi Mombo, kisha akunje kulia kuelekea Same. Na kwenye kona hizo, kama ana gari la kuazima, atapata pia picha zake za msafara.