Moshi, Kelele na Kipimo cha Sheria

Gari lipitalo likinguruma na kuacha nyuma yake wingu la moshi mweusi humweleza askari wa zamu mambo mawili kabla hajainua mkono kulisimamisha. Kwanza, kwamba injini yake haiunguzi mafuta sawasawa. Pili, kwamba sailensa yake imetoboka, au imeondolewa kwa makusudi. Magari ya namna hiyo huonekana katika mji wa Mbarara, na vile vile katika njia iendayo Isingiro hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makosa hayo yana historia yake, na ye yote aliyekabidhiwa kazi ya kuyazuia hana budi kuijua.

Wanajeshi wanalifahamu jina la Maxim. Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani, ndiye aliyeunda bunduki ya rashasha mjini London mwaka 1884. Lugard alikuwa na bunduki moja ya aina hiyo alipoingia Kampala mwezi Desemba 1890, na mwaka uliofuata alipita katika nchi ya Ankole. Lakini mwana wa Maxim, Hiram Percy, alikwenda njia nyingine. Mwaka 1909 alipata hataza ya chombo cha kupunguza mlio wa bunduki, na kampuni yake ikaunda pia vyombo vya kunyamazisha injini. Kanuni ni ile ile: hewa yenye moto na kani kubwa huzungushwa katika vyumba vidogo, ikapoa na kupungua nguvu kabla ya kutoka nje. Basi kijana akatapo sailensa ya gari lake ili lisikike kutoka mbali, anakitupa chombo ambacho watu walikitaabikia miaka mingi.

Moshi ulichelewa kutiwa katika sheria. Mjini Los Angeles, tangu mwaka 1943, ukungu mzito ulianza kuwawasha watu macho na koo. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 mwanakemia Haagen-Smit alionyesha kwamba chanzo chake kimojawapo kikuu ni hewa chafu itokayo katika magari, ikigeuzwa na mwanga wa jua. Jimbo la California likaweka vipimo vya moshi wa magari mwaka 1966. Uingereza ilianza ukaguzi wa magari makuukuu mwaka 1960, lakini wakati huo ilitazama breki, taa na usukani tu. Kipimo cha moshi wa bomba kiliongezwa mwaka 1991.

Katika Afrika ya Mashariki kulikuwa na kikwazo kingine. Tangu mwaka 1975 magari mengi ya Marekani yalianza kutiwa chombo cha kusafishia moshi, chenye vitundu mfano wa sega la nyuki. Chombo hicho huharibiwa na risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli, na petroli ya namna hiyo iliendelea kuuzwa katika nchi hizi hadi mwisho wa mwaka 2005. Gari lililofika likiwa na chombo kizima liliharibiwa na mafuta yenyewe, na fundi hakuona sababu ya kuacha kitu kilichokufa. Kwa hiyo si kila gari lisilo na chombo hicho lilivuliwa kwa ukaidi. Tangu mwaka 2015, nchi za Jumuiya zilipoweka kiwango cha chini cha salfa katika dizeli, udhuru wa mafuta mabaya umepungua sana.

Uganda haikukosa sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998 ilimpa mkaguzi wa magari mamlaka yake, na kanuni za kudhibiti kelele zilitolewa mwaka 2003. Mwaka 2015 Serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya SGS ili magari yakaguliwe kwa mitambo, na Mbarara ulikuwa mmojawapo wa miji iliyokusudiwa kupata kituo. Lakini wananchi walinung'unikia ada na uchache wa vituo, na mwaka 2017 Bunge likataka ukaguzi huo usimamishwe. Mwaka 2018 sheria ikakataza kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Lango likafungwa kwa magari makuukuu ya kutoka nje, lakini yaliyokwisha kuingia yakabaki barabarani.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na baadaye yakapokea Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Kwa mtu aliyeanza maisha upya huko, gari kuukuu moja ni shamba lake na ghala lake. Likizuiliwa Mbarara kwa siku kadhaa, watoto wake hulala njaa. Lakini watoto wa jirani yake, waishio kando ya njia, huvuta moshi wa gari hilo hilo. Haki ya mmoja haiwezi kuifuta haki ya mwingine.

Ukaguzi wa haki hautegemei pua wala sikio la askari. Kwa dizeli, mwali wa mwanga hupitishwa katika moshi ili kupima weusi wake. Kwa petroli, kijiti cha mtambo huingizwa katika bomba kupima gesi ya sumu. Kwa kelele, kinasa sauti huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya digrii 45. Mwenye gari lililobadilishwa anaweza kulipitisha kwa njia halali: airudishe sailensa, abadili chujio la hewa, nozeli za dizeli zirekebishwe, kisha afike kituoni injini ikiwa imepata moto, kwa maana chombo cha kusafishia moshi hakifanyi kazi kikiwa baridi. Noti iliyokunjwa ndani ya leseni haisafishi moshi wo wote.

Katika jeshi, dereva asiyekagua gari kabla ya msafara huhatarisha kikosi kizima, maana moshi na mlio humwonyesha adui mahali walipo wenzake. Nidhamu hiyo haina budi kuonekana barabarani pia. Lori la kambi na gari la kituo cha polisi yapimwe kwanza, hadharani, kwa kipimo kile kile atakachopimiwa mwenye teksi wa Nakivale. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ikikata upande mmoja tu, wananchi watauona ukaguzi kuwa ni njia ya kuwatoza fedha, kama walivyolalamika kabla ya mwaka 2017, na moshi utabaki pale pale.