Meza ndani ya kioo: asili ya madirisha ya kompyuta

Mtu anayekaa mara ya kwanza mbele ya kompyuta huambiwa: «Hii ndiyo meza yako, na haya ni madirisha.» Anatazama kioo, haoni meza, wala dirisha la kuchungulia nje. Basi hujidhania mjinga. Wasomaji wapenzi, ujinga si wake. Maneno hayo yalizaliwa mbali, katika biro za Marekani.

Hapo kwanza kompyuta ilitumikishwa kwa amri za maandishi tu. Ilipasa kuzishika kichwani. Herufi moja ikikosewa, mashini ilikataa. Siku ya 9 Desemba 1968, kule San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wenzake njia nyingine. Mkononi alikuwa na kidude alichokiunda mwenzake Bill English mwaka 1964: kisanduku cha mti, magurudumu mawili chini, na uzi kama mkia. Ndiyo sababu kikaitwa kipanya. Ukikisukuma mezani, alama ndogo inatembea kwenye kioo.

Lakini Engelbart hakutafuta urahisi. Kwa mkono wa kushoto alibonyeza vitufe vitano kama mpiga kinanda, akaona ni haki mtu ajifunze kwa bidii ili apate chombo chenye nguvu. Wengine hawakukubali.

Mwaka 1970 kampuni ya Xerox ilifungua nyumba ya utafiti huko Palo Alto, katika California. Mwaka 1973 ikatoka humo kompyuta iitwayo Alto, na akina Alan Kay wakaitengenezea madirisha: vipande vya pembe nne, kimoja kikilala juu ya kingine kama karatasi. Cha juu ndicho unachokifanyia kazi. Cha chini kinangoja. Nao Larry Tesler na Tim Mott walifanya jambo linalonipendeza kuliko yote: waliwachunguza kwanza wahariri wa vitabu. Hao walikuwa wakikata maneno kwa mkasi na kuyabandika mahali pengine kwa gundi. Ndiyo asili ya «kata» na «bandika», amri anazozijua leo kila karani, hata asiyeshika mkasi.

Kompyuta Star ya mwaka 1981 ilionyesha picha za karatasi, majalada na vikapu vya barua. Aliyezoea biro ya namna hiyo alizitambua mara moja. Aliyetoka shambani au sokoni hujifunza mambo mawili pamoja, biro ya kigeni na mashini yenyewe. Mwalimu anayemcheka hajui historia ya kazi yake!

Bei ya Star ilipita dola 16,000. Wanunuzi wakawa wachache. Steve Jobs wa kampuni ya Apple alikuwa ameitembelea nyumba ile ya Palo Alto mwaka 1979. Apple ikauza Lisa mwaka 1983 kwa karibu dola 10,000, kisha Macintosh mwaka 1984 kwa dola 2,495. Pamoja na Macintosh ilitolewa kaseti ya sauti ya kumwongoza mwanafunzi polepole. Hata kilichoitwa rahisi kilihitaji mwalimu.

Windows ya kwanza ya Microsoft ilitoka mwaka 1985, madirisha yake yakipangwa kando kando kama matofali. Mwaka 1990 Windows 3.0 ilikuja na mchezo wa karata. Wakubwa wa kazi waliukemea, na pengine kwa haki. Lakini mtu akihamisha karata kwa kipanya, mkono wake huzoea kubonyeza na kuburuta pasipo kujua kwamba yumo darasani.

Walipokuwa wakitengeneza Windows 95, watu wa Microsoft waliwajaribu wanaoanza, wakaona wengi wanakaa tu, hawajui pa kuanzia. Ndipo wakaweka pembeni kitufe kimoja. Katika kompyuta za Kifaransa kiliandikwa «Démarrer», yaani anza. Wengi wakafaulu. Jioni, kazi ikiisha, waliuliza mashini inazimwa wapi, wakaambiwa wabonyeze palepale penye neno «anza».