Pangani: Mji wa Kufikiwa kwa Maji

Mgeni anayetoka Tanga mjini kwa basi la asubuhi hufika Pangani kabla jua halijawa kali. Ni mwendo wa kilomita 50 hivi kuelekea kusini, na mwisho wake ni maji. Mto Pangani unaingia baharini hapo. Mji umekaa ukingo wa kaskazini, kijiji cha Bweni kimepanda mwamba wa kusini, na katikati kivuko hupishana na mitumbwi tangu alfajiri. Wenye magari hupanga foleni. Aendaye kwa miguu hulipa nauli ndogo, akapita mbele, akasimama ubavuni pamoja na wanafunzi, akina mama wenye ndoo za samaki na vijana wa bodaboda. Baada ya dakika chache yuko ng'ambo.

Ushauri wangu kwa mwenye nusu siku tu ni kwamba asianze na mji. Avuke kwanza, apande kilima cha Bweni, kisha ageuke atazame alikotoka. Kutoka pale juu huonekana nyumba za mawe zilizoupa mto uso na nchi kavu kisogo, mabati yenye kutu, minazi isiyo na hesabu, na mlangoni mwa mto mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mahali pasipo na mwamba. Mstari huo ni fungu la mchanga, nalo ndilo lililoamua mengi katika historia ya Pangani. Jahazi na mashua huweza kulivuka maji yakijaa. Meli kubwa haziwezi. Wakati biashara ya pwani ilipokuwa ya majahazi, fungu hilo lilikuwa ngome. Meli za moshi zilipotawala bahari, likawa kizuizi.

Mto wenyewe unatoka mbali. Maji yake huanzia Kilimanjaro na Meru, yakashuka kwa Kikuletwa na Ruvu hadi Nyumba ya Mungu, yakapita chini ya milima ya Upare na Usambara, yakaporomoka kwenye maporomoko ya Hale na Pangani, ndipo yakatulia kati ya mikoko na minazi. Safari yote ni kama kilomita 500. Mtu aliyeushika mlango wa mto huu katika karne ya 19 alikuwa ameshika njia ya kwenda Usambara kwa mfalme Kimweri, Kilimanjaro, na Umasaini kwenye pembe za ndovu.

Njia hiyo ndiyo iliyoutajirisha mji. Mwezi Februari 1857, wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walishuka hapa wakielekea Vuga, makao ya Kimweri, kabla ya safari yao kubwa ya maziwa. Miaka 30 baadaye, Count Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel waliondokea Pangani na msafara wa mamia ya wapagazi, wakafika ziwa ambalo leo ni Turkana mwezi Machi 1888. Vitabu vya Ulaya vimewapa wao sifa ya "ugunduzi". Lakini waliongozwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe na mkuu wa misafara aliyezijua njia za Umasaini kabla Teleki hajazisikia. Joseph Thomson naye, mwaka 1883, alifaidi msaada wake. Nikiwa juu ya kilima cha Bweni humkumbuka zaidi Kimemeta kuliko wageni wake, maana bila maarifa ya watu wa Pangani misafara ile ingekwama mapema. Mji huu ulikuwa shule ya njia: hapa walipatikana wapagazi, wakalimani, shanga na vitambaa vya kulipia hongo za njiani, na mtu wa kusema maji yapo wapi na yamekauka wapi.

Utajiri wa pili ulikuwa mchungu zaidi. Kandokando ya mto, kutoka mjini kwenda juu, Waarabu na Waswahili wenye mali walilima miwa, wakasindika sukari na asali ya miwa iliyosafirishwa Unguja na kwingine. Ukipanda boti ukafuata mto, mabaki ya vinu vyao bado yapo vichakani. Kazi ya miwa ni kazi ya kuua, nayo ilifanywa na watumwa. Sultani Barghash wa Unguja aliposaini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari mwezi Juni 1873, biashara haikukoma, ilijificha. Pemba iko karibu, mashamba ya mikarafuu yalikuwa na njaa ya watu, na mashua ziliondoka usiku kutoka hori za jirani. Katika miaka hiyo hiyo ya 1870 watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliasi, wakatoroka, wakajenga vijiji vyao vyenye maboma, wakalima na kujilinda. Watu hao hawana mnara popote. Ningependa wawe nao, kwa kuwa walijikomboa kabla ya amri ya sultani au mzungu yeyote kuwafikia.

Sasa shuka kilimani, uvuke kurudi mjini. Kivuko kinapokaribia gati, tazama nyumba za ukingoni zinavyokua mbele yako, kwa sababu hivyo ndivyo zilivyokusudiwa kuonekana. Boma lenye mlango wa nakshi ndilo kongwe linalosimuliwa zaidi. Wenyeji husema lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na tajiri wa Kiarabu, na kwamba watumwa walizikwa wakiwa hai chini ya nguzo zake ili jengo lidumu. Sina ushahidi wa kuithibitisha hadithi hiyo, lakini naiheshimu: mji uliona mateso ya kutosha kuifanya iaminike. Wajerumani waliligeuza kuwa makao ya utawala, na utawala haujaliacha tangu hapo. Nyuma yake ziko nyumba za Wahindi zenye baraza na maduka chini, na ghala za forodhani. Mshairi Shaaban Robert aliwahi kuwa karani wa forodha hapa Pangani kabla ya kuhamishiwa Mpwapwa. Mpenzi wa Kiswahili apitaye ukingo huu hana haja ya sababu nyingine ya kusimama kidogo.

Lakini tukio linaloupa mji huu nafasi yake katika historia ya Afrika Mashariki ni la Agosti 1888. Mwezi Aprili mwaka huo, Sultani Khalifa bin Said alikuwa ametia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na forodha za Mrima, yaani pwani hii ya bara. Tarehe 16 Agosti ikawa siku ya kuanza. Wakala wa kampuni mjini Pangani alikuwa Emil von Zelewski, kijana mwenye kiburi. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, na liwali wa sultani, Abdulgawi bin Abdallah, awe chini yake. Liwali alikataa. Zelewski akaita askari wa majini kutoka manowari ya Carola. Wakashuka, wakamsaka liwali, na katika msako huo wakauvunjia msikiti heshima.

Siku hizo zilikuwa za Idi Kubwa. Hapo ndipo kampuni ilipokosea vibaya. Mji ulikuwa umefurika wageni kutoka bara: Wazigua, Wabondei, wapagazi, wawindaji, vijana wenye bunduki waliokuja kula sikukuu. Walishuhudia kwa macho yao. Mambo ambayo yangeweza kubaki ugomvi wa wakubwa wa mji yakawa hasira ya umma. Mwezi Septemba Wajerumani wa Pangani walikuwa wamezingirwa nyumbani mwao, hadi Lloyd Mathews, jemadari wa jeshi la sultani, alipokuja kuwaondoa. Naye Mathews alipotaka kubaki kutuliza mambo, akafukuzwa. Kufikia mwisho wa mwezi, pwani yote ilikuwa imewaka na kampuni ilibaki imeshikilia Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, ndiye jina linalosomwa mashuleni. Aliongoza kweli, na kwa ushujaa. Wasafiri wa Ulaya Hans Meyer na Oscar Baumann walipokimbia kutoka Usambara mwaka huo waliangukia mikononi mwake, wakalipa fidia ndipo wakaachiwa. Hata hivyo naona si haki kuviita vita vile kwa jina lake peke yake. Moto uliwashwa na watu wa kawaida waliokuwa uwanjani Pangani siku za Idi. Abushiri aliukuta umeshika. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyeishi zama zile zile na pwani ile ile, aliuandika mkasa huo katika utenzi wake wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kutamalaki Mrima, na ni bahati kubwa kwetu kuwa na kumbukumbu ya Kiswahili ya jambo ambalo vinginevyo tungelisoma katika barua za Wajerumani tu.

Kansela Bismarck wa Ujerumani alimtuma Hermann von Wissmann na askari wa kukodi kutoka Sudani na Msumbiji. Pangani ilipigwa mizinga na kutekwa Julai 1889. Abushiri alikamatwa mwishoni mwa mwaka, akaletwa mjini hapa, akanyongwa Desemba 1889. Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, alipona Pangani ili akutane na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Aliuawa huko, miaka mitatu kamili tangu ile wiki ya Idi.

Baada ya mizinga ukaja mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, kusini mwa mto, ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo 62 lilianza zao lililoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, likajenga Tanga, likawaleta manamba kutoka kila pembe ya nchi. Ukitoka Bweni kwenda Mwera bado unapita kati ya safu zake. Mimea yote ile ina nasaba yake hapa.

Lakini mwaka huo huo wa 1893, kilomita 50 kaskazini, Wajerumani walianza kutandika reli. Walichagua Tanga kwa kuwa bandari yake ina kina na haina fungu la mchanga. Reli ikafuata bonde lile lile la mto, ikipita njia ambayo misafara ya akina Kimemeta ilikuwa ikiitembea, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Hakuna tajiri aliyehitaji tena wapagazi wa Pangani. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, walichukua makao ya wilaya tulivu yenye nazi na kumbukumbu. Utulivu anaousifia mgeni leo, barabara ambazo mtu hutembea katikati bila kugeuza shingo, ulitokana na uamuzi huo wa reli.

Mto nao umebadilika. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilikamilika katika miaka ya 1960, Hale ilianza kufua umeme mwaka 1964, na mtambo mpya wa Maporomoko ya Pangani, wenye megawati 68, ukafuata mwaka 1995. Wakulima wa juu huchepusha maji ya umwagiliaji. Maji baridi yanayofika mlangoni yamepungua, bahari imepata nafasi ya kupanda, na chumvi imeingia mashamba ambayo zamani yalizaa minazi na miwa. Ukuta wa ukingoni hupigwa na maji ya bamvua. Mbele baharini, kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1975 kwa ajili ya kasa, kilipoteza miti yake yote. Sasa ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Watu wa Pangani hawahitaji kuambiwa bahari inaweza kula nchi.

Na sasa kuna daraja. Barabara ya lami ya kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo imeanza kujengwa, na ndani yake limo daraja la urefu wa mita 525 juu ya mto huu. Nalifurahia kwa moyo wote. Mama mjamzito wa Bweni hapaswi kusubiri kivuko usiku, wala mkulima wa nanasi wa Mwera kuona mzigo ukioza kwenye foleni. Ninachohofia ni kwamba gari litakalopita juu ya daraja kwa dakika moja halitaiona Pangani hata kidogo, na mji usioonekana na wapitao haupewi fedha za kukarabatiwa. Nyumba za ukingoni zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Saruji inayobandikwa juu yake hufungia unyevu ndani na kuziua. Zinataka chokaa, na mafundi wa chokaa wapo wachache.

Kwa hiyo, msomaji uliye Tanga, Muheza au Dar es Salaam, nenda. Acha gari, panda basi, vuka kwa miguu, lipa nauli, kunywa madafu Bweni, kula samaki mjini, umlipe kijana wa hapo akutembeze. Na kwa walio na dhamana ya halmashauri, idara ya mambo ya kale na vivuko: wekeni kibao waliponyongewa mashujaa wa vita vya 1888 na kingine kwa watumwa walioasi kabla yao, ziokoeni nyumba za ukingoni kwa chokaa kabla masika hayajazimaliza, na daraja likishafunguliwa, bakizeni chombo kimoja cha kuwavusha waendao kwa miguu.