Reli ya Mtwara kwa Kipimo Kidogo

Aliyeko kisiwani Rongui, karibu na Palma, hasikii honi ya garimoshi: pwani ya Cabo Delgado haina reli. Iliyokuwa karibu ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, kutoka Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa Waingereza. Karanga hazikustawi. Mwaka 1962 reli ilifungwa, kisha ikang'olewa.

Wako watu duniani ambao hujiburudisha kwa kuunda upya reli kama hizo mezani, aghalabu kwa uwiano wa 1:87. Reli ya upana wa mita moja, kama hiyo ya Mtwara, huwa milimita 11.5. Lakini muundaji hahitaji hesabu tu, anahitaji kitu cha kupima. Garimoshi “Mount Gelai”, lililoundwa Manchester mwaka 1955, limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Urefu wake wa mita 32 hivi unakuwa sentimita 37. Mtwara kuna nini cha kupima? Picha chache na kumbukumbu za wazee. Wanafunzi wetu wa kusini wangewauliza mapema: behewa la karanga mliliitaje?